Siku 104 kwa Mwaka: Maneno juu ya Presha na Figo

(Haya ni maneno ya halmashauri ya afya ya tawi letu, yaliyosemwa mkutanoni siku ya Jumapili. Yamechapwa hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu.)

Bwana Mwenyekiti, wajumbe wa kazini, ndugu wanachama, na ninyi mama na dada zetu mliotoka zamu ya usiku na hamjalala bado:

Hatukusimama hapa kusema habari ya mishahara. Twajua wengi wenu mmekuja kwa ajili ya hiyo, na Katibu ataisema baada yetu. Sisi tumepewa nusu saa tu, tuseme juu ya presha na figo. Twasikia mtu anacheka pale nyuma. Acheke, lakini angoje mpaka mwisho, maana jambo hili lina mshahara ndani yake.

Tuanze na sisi wenyewe, kwa kuwa kosa la kwanza lilikuwa letu.

Yuko ndugu yetu mmoja, mwendeshaji wa foklifti katika ghala. Ametupa ruhusa kusema habari zake, ila jina lake tusilitaje. Mwaka juzi aliitwa ofisini mara tatu kwa sababu ya kuchelewa na kusinzia kazini. Mara zote tatu mjumbe wetu alikwenda naye, akamtetea vizuri kabisa, na barua ya onyo ikageuzwa kuwa onyo la mdomo. Tukarudi tukijisifu. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza, "Ndugu, kwa nini wasinzia?" Na miguu yake tulikuwa tukiiona. Alikuwa amezipasua buti zake za kazi kwa kisu upande wa juu, kwa sababu hazikumwingia tena. Tulimfanyia mzaha juu ya buti zile. Kumbe miguu imejaa maji, na maji hayo figo zake zimeshindwa kuyatoa.

Muda wa miaka miwili alikuwa akinunua vidonge vya maumivu ya mgongo dukani. Mgongo ukiuma, kidonge. Kichwa kikiuma, kidonge. Presha hakupimwa hata siku moja. Siku aliyoanguka kando ya mashine yake, muuguzi alimfunga kitambaa mkononi, akakuta 210 juu ya 120. Hospitalini walipopima damu yake, daktari akamwambia kwamba figo zote mbili zimekwisha kazi. Umri wake ulikuwa miaka 43.

Chama kilimtetea mara tatu, na mara zote tatu kilitetea jambo lisilokuwa lenyewe.

Basi tuseme presha ni nini. Mafundi wa bomba waliomo humu watafahamu upesi. Moyo ni pampu na mishipa ni mabomba. Pampu ikisukuma, nguvu ndani ya bomba hupanda, ikipumzika, hushuka. Ndiyo maana daktari husoma hesabu mbili, ya juu na ya chini. Mtu mzima akipimwa siku mbalimbali, na kila mara ya juu ikawa 140 au zaidi, au ya chini ikawa 90 au zaidi, huyo ana ugonjwa wa presha. Bomba kubwa laweza kuvumilia nguvu nyingi muda mrefu. Linaloharibika kwanza ni bomba jembamba, na mishipa myembamba sana imo katika macho, ubongo, moyo na figo.

Figo ni mbili, kila moja kiasi cha ngumi ya mtu mzima, nazo zimekaa nyuma, usawa wa mbavu za chini. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana, kadiri ya milioni moja. Kwa siku moja figo huchuja kiasi cha lita 180 za maji ya damu. Watu wa ghala, fikirini pipa la mafuta lile la lita 200, karibu lijae. Maji hayo karibu yote hurudishwa mwilini, na taka pamoja na lita moja na nusu au mbili hivi hutoka kwa mkojo. Tena figo hupima chumvi ya mwili, huuamuru mwili utengeneze damu, na zenyewe husaidia kuongoza presha. Hapo ndipo penye mtego. Presha huharibu figo, na figo iliyoharibika hupandisha presha, na presha iliyopanda hurudi kuiharibu figo zaidi. Mzunguko huo ukianza haukatiki wenyewe.

Na jambo baya kupita yote ni ukimya. Jino likioza lapiga kelele. Figo hazipigi. Mtu aweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya figo zake naye akacheza mpira Jumapili. Dalili zikija (miguu kuvimba, uso kujaa asubuhi, mkojo wenye povu lisiloisha, kuchoka, kuwashwa mwili, kichefuchefu) mara nyingi kazi imekwisha haribika. Presha nayo ni vivyo hivyo. Wengi hudhani mtu wa presha lazima aumwe kichwa au awe mnene au awe mwenye hasira. Sivyo. Wembamba wanayo, na wapole wanayo.

Serikali yetu ilipofanya uchunguzi wa nchi nzima mwaka 2015 juu ya magonjwa haya, karibu mtu mzima 1 katika kila 4 alionekana na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu walikuwa hawajapimwa presha maishani mwao. Tazameni benchi mliloketi. Hesabuni wanne.

Sasa juu ya kupima, maana hata kupima kuna namna yake. Tumeona katika viwanda vingine mtu anatolewa kwenye mashine jasho likimtoka, anapimwa amesimama huku akijibizana na mnyapara, kisha aambiwa ana presha. Hiyo si haki. Keti dakika tano kwanza. Mgongo uegemee kiti, miguu ikae chini bila kupishana, mkono uwekwe juu ya meza usawa wa moyo. Usiwe umevuta sigara wala kunywa kahawa au chai nzito kwa muda wa nusu saa. Ukabanwa na mkojo, nenda kwanza. Usiseme wakati mashine inapofanya kazi. Upimwe mara mbili. Ikiwa juu, usiogope na usikimbie. Rudi siku nyingine upimwe tena, kwa sababu siku moja haitoshi kumhukumu mtu. Lakini ikifika 180 kwa 120, tena kifua kinauma, au macho yanaona giza, au mdomo umepinda, au upande mmoja umekosa nguvu, hapo usingoje siku nyingine. Hospitali saa ile ile.

Dada zetu, neno moja kwenu. Aliyepata presha wakati wa mimba, hata ikiwa ilishuka baada ya kujifungua, apimwe kila mwaka. Presha ile huweza kurudi baada ya miaka, na wengi huambiwa imekwisha wakasahau. Na mwenye kisukari, na mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliye na ugonjwa wa figo, nao vivyo hivyo. Lakini hao wapimwe na mkojo na damu pia, si presha tu.

Watu wengi wametuuliza, kliniki ya daktari wa figo ni mahali gani, na mtu hufanywa nini huko? Kwa kuwa twaogopa tusichokijua, halmashauri yetu iliomba ruhusa kwenda pamoja na ndugu yetu, tukakaa naye kwenye benchi asubuhi nzima. Tutasema tulivyoona.

Kwanza hakuna kisu. Mzee mmoja aliyekaa karibu nasi alikuwa amekataa miezi sita kuja, kwa kudhani atapasuliwa. Muuguzi hukupima uzito na presha, mikono yote miwili. Daktari hukuuliza maswali mengi, na swali aliloturudia mara nyingi kuliko yote ni hili: unameza nini? Huambiwa ulete vidonge vyote, hata vya duka, hata mizizi na majani ya mganga, uviweke mezani. Watu huficha dawa ya mganga, na daktari yule alisema hilo ndilo humpa taabu, kwa sababu ziko dawa za miti zinazoua figo na hawezi kujua kama mtu hasemi. Kisha hubonyeza mguu kwa kidole aone kama pamebaki shimo. Kisha mkojo katika kikombe, hutiwa kijikaratasi chenye rangi. Vichujio vikiwa vizima, protini haipiti. Rangi ikigeuka, ni alama kwamba chujio limetoboka. Kisha damu kidogo, ipimwe kreatinini. Hiyo ni taka ya misuli, na figo zikichoka hujaa katika damu. Kwa hesabu hiyo pamoja na umri wako, daktari hujua figo zako zafanya kazi kiasi gani. Chini ya 60 kwa muda wa miezi mitatu ni ugonjwa; chini ya 15 ni figo zilizoshindwa. Yule ndugu yetu alikutwa na 6. Wengine hupigwa picha ya tumbo kwa ile mashine ya kutazamia mimba, haiumizi.

Mkishika jambo moja tu leo, shikeni hili: kipimo cha mkojo na cha damu si vya hospitali kubwa peke yake. Hospitali nyingi za kaunti zaweza kuvifanya. Madaktari wa figo ni wachache, na wengi wao wako Nairobi, Mombasa, Eldoret, Kisumu na miji mingine mikubwa. Kwa hiyo mtu asianze kwa kumtafuta bingwa. Aanze na presha na mkojo karibu na kwake, na vikionyesha neno, aombe barua ya kupelekwa mbele. Tena aende mapema. Daktari yule alituambia kwa uchungu kwamba wengi humfikia siku ile ile wanayohitaji mashine.

Na mapema kuna faida gani? Hapa tuna habari njema. Dawa zipo, na nyingine ni za bei nafuu. Enalaprili na losartani hushusha presha na pia hulinda vichujio vya figo. Miaka ya karibuni, tangu mwaka 2020 hivi, dawa zilizokuwa za kisukari, kama dapagliflozini, zimeonekana kupunguza mwendo wa ugonjwa wa figo hata kwa wasio na kisukari. Mtu aliyeanza mapema aweza kukaa miaka mingi na figo zake mwenyewe, akaenda kazini, akazeeka.

Lakini vidonge vya presha ni vya kila siku, na watu huviacha. Tuseme wazi kwa nini. Wengine huacha kwa sababu wamejisikia wazima. Presha imeshuka, basi wanadhani imepona. Imeshuka kwa sababu ya dawa. Wengine enalaprili huwaletea kikohozi kikavu. Hao wamwambie daktari, atawabadilishia. Wanaume wengine huacha kwa sababu ya mambo ya chumbani, nao huona haya kusema. Ndugu, daktari amesikia hayo mara mia. Mwambie, dawa ziko nyingi. Na tukumbushe kwamba presha yenyewe isiyotibiwa huharibu mambo hayo hayo ya chumbani.

Iko sababu nyingine, na hii ni ya chama. Ziko dawa za presha zinazomfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara. Dada mmoja wa kiwanda cha nguo alituambia kwamba mnyapara wao huandika katika daftari kila anayekwenda chooni, na akizidi mara mbili kabla ya chakula hukatwa. Basi asubuhi za kazi hamezi kidonge, humeza Jumapili tu. Hata maji hanywi. Tulipopimwa wote siku ile, yeye alikuwa na 170. Daktari aweza kumwandikia dawa na kumwonyesha saa njema ya kuimeza, lakini hawezi kulichukua daftari lile mkononi mwa mnyapara. Hilo ni letu, na tumekwisha andika barua.

Maji nayo tuyaseme. Katika nchi za El Salvador na Nicaragua, huko Amerika ya Kati, wakata miwa walionekana wanakufa kwa ugonjwa wa figo, vijana, wengi bila kisukari wala presha ya zamani. Tangu mwaka 2002 madaktari wa El Salvador wameandika juu yake. Wataalamu wengi sasa huona kwamba kazi ngumu katika jua kali, bila maji ya kutosha na bila kupumzika, ni sababu kubwa, ingawa bado wanatafuta kama kuna nyingine pamoja nayo. Mashamba yaliyoanza kuwapa wakata miwa maji, kivuli na mapumziko ya saa zilizowekwa yaliona figo zikiumia kidogo zaidi. Hapo hapakuwa na dawa wala mashine. Palikuwa na turubai, pipa la maji na saa ya mnyapara. Wenzetu wa miwa, wa bandarini, wa matanuri na wa barabara, msifikiri maji ni zawadi ya tajiri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 32, yamlazimu kuweka maji safi ya kutosha mahali pa kazi. (Ila mgonjwa ambaye figo zimekwisha shindwa, huyo maji yake hupimwa na daktari. Asiseme halmashauri ilimwambia anywe tele.)

Na wale wanaochoka kwa kubeba mizigo, mkimeza vidonge vya maumivu, jueni majina yake. Diklofenaki na ibuprofeni zikimezwa siku baada ya siku, hasa na mtu mwenye presha, au aliyekaukiwa maji, huumiza figo na kupandisha presha. Parasetamoli kwa kipimo chake haina madhara hayo kwa figo. Duka la dawa halitakuuliza.

Chumvi tutaipita upesi: kijiko kimoja cha chai kwa siku ndicho mwisho, pamoja na ile iliyomo katika mkate, viazi vya kukaanga na unga wa kukolezea mchuzi. Kopo la chumvi lililo juu ya meza ya kantini yetu liondoke. Ukiitaka, uombe.

Sasa mashine. Mashine ya kusafisha damu ilitengenezwa na daktari wa Uholanzi, Willem Kolff, wakati wa Vita Kuu ya Pili, nchi yake ikiwa chini ya Wajerumani. Mwaka 1943 alikuwa nayo: ngoma ya mbao, na juu yake kazungusha utando wa kufungia soseji, damu ikipita ndani ya utando na maji ya chumvi yakiwa nje. Wagonjwa wake wa kwanza karibu wote walikufa. Mwaka 1945 alimponya mama mmoja wa miaka 67. Lakini mashine ile ilifaa kwa siku chache tu, kwa sababu kila mara mshipa ulipasuliwa upya. Mwaka 1960, katika mji wa Seattle, Marekani, Daktari Belding Scribner alimwekea mgonjwa mrija mkononi ambao haukuondolewa, basi damu yaweza kutolewa na kurudishwa tena na tena. Mgonjwa yule, Clyde Shields, alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha ndege cha Boeing. Mfanyi kazi kama sisi. Aliishi miaka 11 zaidi.

Sikilizeni yaliyofuata. Mashine zilikuwa chache na wagonjwa wengi. Basi mwaka 1962 mji ule ulikuwa na halmashauri ya watu saba, majina yao yakifichwa, kazi yao kuchagua nani awekwe kwenye mashine na nani aachwe. Walitazama mtu ana watoto wangapi, ana kazi gani, ana mali kiasi gani, huenda kanisani au haendi. Katika wale saba alikuwamo kiongozi mmoja wa chama cha wafanyi kazi. Tumemfikiria sana mtu yule. Kiti kile hatungependa akikalie hata mmoja wetu. Mwaka 1972 Marekani walipitisha sheria ya kuwalipia karibu wagonjwa wote wa figo zilizoshindwa, na tangu Julai 1973 ikaanza kazi.

Kwetu Kenya, kwa miaka mingi mashine zilikuwa za Nairobi na miji michache. Tangu mwaka 2015 serikali ilipoleta mashine katika hospitali za kaunti, mgonjwa hana lazima kuhamia mjini. Na malipo? Zamani ilikuwa NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966. Tangu Oktoba 2024 ni SHA, nasi hukatwa 2.75 kwa kila mia ya mshahara wote. Tajiri katika fungu hili haongezi hata senti, kazi yake ni kukata na kupeleka. SHA ilipoanza, bei ya kusafishwa damu iliwekwa shilingi 10,650 kwa kila mara, wakati NHIF ilikuwa ikilipa 9,500. Kila mmoja wenu atazame kama fedha iliyokatwa imefika. Tajiri akikata asipeleke, anayerudishwa mlangoni si yeye, ni mgonjwa. Ukiona hivyo, njoo ofisini na karatasi ya mshahara siku hiyo hiyo.

Fanyeni hesabu. Ndugu yetu husafishwa Jumanne na Ijumaa. Kila mara saa nne juu ya mashine, na njia, na kungoja, na akitoka miguu haina nguvu. Mara mbili kwa juma, majuma 52, ni siku 104. Kwa bei ile ya 10,650 ni shilingi 1,107,600 kwa mwaka. Mashine ya kupimia presha hununuliwa kwa shilingi elfu chache.

Lakini hata bili ikilipwa yote na SHA, zile siku 104 nani azilipe? Sheria ya Ajira, kifungu cha 30, humpa mfanyi kazi aliyetimiza miezi miwili kazini siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Ukianza mashine Januari, kabla Februari haijaisha umezimaliza zote. Sheria husema huo ndio upungufu wa chini kabisa. Zaidi ya hapo ni kazi ya mapatano. Mapatano yetu na tajiri yanaongeza, lakini hayafiki nusu ya 104. Ndugu yetu alipozimaliza, alipewa barua kwamba kazi yake imekoma kwa sababu ya afya. Tumeikataa barua ile. Yeye anaweza kufanya kazi siku nne, akae katika daftari za ghala, asipande foklifti, na daktari wake ameandika hivyo. Shauri bado liko mezani, na tarehe ya kusikizwa tumeiomba mara mbili.

Kwa hiyo katika mazungumzo ya mapatano mapya, ambayo Katibu atayasema sasa hivi, sisi tumemkabidhi mambo yaingizwe. Siku za mashine zisihesabiwe kuwa siku za ugonjwa wa kawaida, na mwenye kwenda mashine apangiwe zamu inayomfaa, na kazi nyepesi itafutwe kabla ya barua ya kumaliza. Kila kiwanda kiwe na mashine ya presha na muuguzi anayejua kuitumia, na kipimo cha mkojo mara moja kwa mwaka kwa anayetaka. Daftari la choo lifutwe. Na jambo ambalo hatutalilegeza hata tukipewa mengine yote: matokeo ya kipimo ni mali ya mwenye mwili. Twajua kwa nini wengi wenu hukataa kupimwa kazini. Mnaogopa hesabu itoke kwa muuguzi iende kwa karani, kutoka kwa karani iende kwa meneja, na mwisho wa mwezi jina lipunguzwe. Hofu hiyo si ujinga, imekwisha tokea. Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu imeziweka habari za afya katika zile zinazolindwa zaidi. Tutaomba hayo yaandikwe katika mapatano kwa maneno yetu wenyewe, yasomeke na kila mtu.

Mzee wa mlangoni ameuliza kwa kikaratasi, kama mtu aweza kupewa figo ya ndugu yake akaacha mashine. Ndiyo, hufanywa hapa nchini, Hospitali Kuu ya Kenyatta na Moi kule Eldoret miongoni mwao. Mtu mzima mwenye afya aweza kuishi na figo moja, lakini hupimwa sana kwanza, na aliyepokea humeza dawa muda wote figo ile inapofanya kazi. Mdogo wake yule ndugu yetu amekwenda kupimwa. Majibu hayajatoka.

Nusu saa imekwisha, Mwenyekiti ananitazama. Mashine ya kupimia iko pale mezani karibu na dirisha, na dada yetu muuguzi atakaa mpaka saa kumi na moja jioni. Hesabu yako utaandikiwa kwenye kikaratasi, uondoke nacho, hakuna daftari. Wa zamu ya usiku waanze, wapate kwenda kulala. Na yule aliyecheka pale nyuma, tumemwekea kiti cha kwanza.